Klorini na Stabilaiza: Namna ya Kutunza Maji ya Kidimbwi cha Kuogelea Nyumbani

Maji ya kidimbwi cha kuogelea yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kuhesabu vigae vilivyo chini, na bado yakampa mtoto ugonjwa wa kuhara. Yanaweza pia kuonyesha klorini ya kutosha kwenye kipimo, kumbe klorini hiyo haifanyi kazi inavyopaswa. Mara nyingi chanzo ni stabilaiza, dawa inayoikinga klorini dhidi ya jua. Ikikosekana, klorini huisha kabla ya saa sita mchana. Ikizidi, klorini hubaki majini lakini hulegea.

Makala haya yanawahusu wakazi wa Kanja, Runyenjes na sehemu nyingine za Kaunti ya Embu walio na kidimbwi nyumbani, pamoja na wenye nyumba za wageni na shule. Yanaeleza viwango vinavyofaa, namna ya kuvipima, na namna ya kushughulikia dawa hizi bila kumdhuru mwogeleaji, jirani au mto.

Klorini hufanya nini

Klorini ikiingia majini hugawanyika katika hali mbili. Ya kwanza ni asidi ya haipoklorasi, ambayo huua viini haraka. Ya pili ni haipokloraiti, ambayo ni dhaifu zaidi. Kinachoamua mgawanyo huo ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Katika maji yasiyo na stabilaiza, pH ikiwa 7.0, karibu robo tatu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu. Ikiwa 7.5, ni karibu nusu. Ikipanda hadi 8.0, hubaki karibu robo tu. Kwa hiyo mwenye kidimbwi anayeongeza klorini bila kupima pH huenda anapoteza sehemu kubwa ya dawa aliyoinunua.

Viini navyo havifi kwa kasi moja. Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), klorini ya miligramu 1 kwa lita, katika maji yasiyo na stabilaiza yenye pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25, huua bakteria aina ya E. koli kwa muda usiofika dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16. Kimelea cha giadia huchukua kama dakika 45. Kimelea cha kriptosporidiamu, kinachosababisha kuhara kukali, kinaweza kuishi zaidi ya siku 10 katika maji hayo hayo.

Maji ya sehemu za Kanja, hasa wakati wa baridi na ukungu wa Julai, mara nyingi huwa na joto la chini ya nyuzi 25. Maji yakiwa baridi, klorini hufanya kazi polepole zaidi, na muda uliotajwa hapo juu huongezeka.

Jua la Ikweta na kazi ya stabilaiza

Kanja iko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Hata hewa ikiwa ya ubaridi, jua la mchana ni kali, na miale yake huivunja klorini. Katika kidimbwi kilicho wazi kisicho na stabilaiza, klorini inaweza kupungua kwa nusu kabla ya saa moja kwisha. Mtunzaji aliyetia dawa asubuhi na mapema huenda asikute chochote watoto wanapoingia majini alasiri.

Stabilaiza ni asidi ya sianuriki. Huishika klorini ili jua lisiivunje, kisha huiachilia kidogo kidogo inapotumika. Kiwango cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita hutosha kwa kidimbwi cha nje. Kidimbwi kilicho ndani ya jengo, mahali jua halifiki, hakihitaji dawa hii.

Ugumu uko hapa: jua halivunji stabilaiza kwa urahisi jinsi linavyovunja klorini. Haigeuki mvuke, na chujio la kawaida haliiondoi. Ikishaingia hukaa, na kila kipimo kinachoongezwa hujumlishwa na kilichokuwapo. Kadiri inavyozidi ndivyo inavyoishikilia klorini zaidi, na viini hupata muda wa kuishi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu vidimbwi vya kuogelea, lilishauri kiwango hiki kisipite miligramu 100 kwa lita.

Viwango vya kufuata

Kwa kidimbwi cha nje kinachotiwa stabilaiza, mwenye nyumba ashike viwango hivi:

- Klorini huru: isipungue miligramu 2 kwa lita. Kwa siku ya kawaida, kati ya 2 na 3 inafaa.
- pH: kati ya 7.2 na 7.8. Karibu na 7.4 ni bora.
- Stabilaiza: kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita.
- Uangavu: tundu la kutolea maji lililo chini kabisa lazima lionekane wazi kutoka ukingoni. Lisipoonekana, mtu yeyote asiingie. Mtoto akizama katika maji ya matope au ya kijani, hakuna atakayemwona.

Wataalamu wengi hutumia kanuni nyingine rahisi: klorini huru isiwe chini ya sehemu moja kwa kila sehemu 20 za stabilaiza. Stabilaiza ikiwa 40, klorini ianzie 2. Stabilaiza ikiwa 100, klorini italazimika kuwa 5, kiwango ambacho ni cha juu kwa waogeleaji na ni ghali kukidumisha.

Soma kibandiko kabla ya kununua

Dawa zinazouzwa kwa jina la "klorini ya swimming pool" hazifanani. Ziko zile zenye stabilaiza ndani na zile zisizo nayo.

Vidonge vikubwa vyeupe, mara nyingi vya gramu 200, huwa ni traikloro. Vina klorini ya karibu asilimia 90, vinayeyuka polepole na hushusha pH. Ndani yake mna stabilaiza. Chembechembe za daikloro huyeyuka haraka, nazo pia zina stabilaiza, tena nyingi zaidi kwa kila kipimo cha klorini.

Kalsiamu haipokloraiti, ambayo huuzwa kama unga au chembechembe zenye klorini ya asilimia 65 hadi 70, haina stabilaiza. Huongeza chokaa kwenye maji. Klorini ya maji, yaani sodiamu haipokloraiti, nayo haina stabilaiza, lakini hupoteza nguvu ikikaa stoo kwa muda mrefu, hasa penye joto.

Njia nyepesi ya kutambua ni kutafuta herufi "cyanur" katika jina la kemikali lililoandikwa kwenye kibandiko. Zikionekana, bidhaa hiyo ina stabilaiza. Ndoo isiyo na kibandiko, au dawa iliyopimwa na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni, isinunuliwe.

Hesabu ya boma moja

Tuseme kidimbwi kina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani cha mita 1.5. Zidisha 8 kwa 4 kwa 1.5, utapata mita 48 za ujazo, sawa na lita 48,000. Katika kidimbwi hicho, kila miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 48 za dawa halisi.

Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa kutumia kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65, zitahitajika gramu 150 hivi. Kupandisha stabilaiza kutoka sufuri hadi 30, itahitajika karibu kilo moja na nusu, na kazi hiyo haifanywi tena mpaka kipimo kionyeshe imepungua.

Sasa tuseme mtunzaji anatumia vidonge vya traikloro peke yake, kimoja cha gramu 200 kila baada ya siku mbili. Kwa siku 60 atakuwa ametumia vidonge 30. Vidonge hivyo vitaongeza stabilaiza kwa karibu miligramu 70 kwa lita, bila yeye kutia hata kijiko kimoja cha stabilaiza yenyewe. Kama alianzia 40, sasa yuko 110. Klorini ya 2 iliyokuwa ikitosha miezi miwili iliyopita haitoshi tena, ingawa kipimo kinaonyesha namba ile ile.

Dawa inayotegemewa kupunguza stabilaiza nyumbani ni kubadilisha maji. Kutoka 110 hadi 40 katika kidimbwi hiki, karibu lita 30,500 zitamwagwa na kujazwa upya. Hizo ni zaidi ya jerikeni 1,500 za lita 20. Katika miezi ya kiangazi, mifereji inapopungua nguvu na majirani wanapopanga foleni, hasara hiyo haimhusu mwenye kidimbwi peke yake.

Kwa hiyo ni busara kutumia vidonge kwa muda tu, mpaka stabilaiza ifike 30 au 40, kisha kuhamia kwenye klorini isiyo na stabilaiza. Vidonge vinaweza kurudi kwa siku chache, kwa mfano mwenye nyumba anaposafiri.

Namna ya kupima

Klorini na pH zipimwe kila siku ambayo watu wataogelea, kabla hawajaingia. Stabilaiza ipimwe mara moja au mbili kwa mwezi, na kila baada ya mvua kubwa au baada ya kubadilisha maji.

Sampuli ichukuliwe kwa chupa safi, kina cha kiwiko, mbali na bomba la kuingizia maji. Kifaa cha matone ni sahihi zaidi kuliko vijikaratasi, hasa kwa stabilaiza. Kipimo cha stabilaiza huchanganya maji ya kidimbwi na dawa inayoyafanya yawe na ukungu. Mchanganyiko humiminwa polepole kwenye mrija wenye alama nyeusi chini, na namba husomwa pale alama inapopotea machoni. Kifanywe nje kwenye mwanga, mpimaji akilipa jua mgongo.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, dawa iliyotiwa na kiasi chake. Daftari hilo litamsaidia mtunzaji mpya kuliko maelezo ya mdomo.

Kutia dawa

Klorini isiyo na stabilaiza itiwe jioni, jua likishatua, pampu ikiwa inafanya kazi. Itakuwa na usiku mzima wa kufanya kazi bila jua kuivunja. Asubuhi kipimo kirudiwe kabla ya kuogelea.

Stabilaiza huyeyuka polepole mno. Iwekwe ndani ya soksi safi, ifungwe na kuning'inizwa mbele ya bomba linalorudisha maji. Inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki kuyeyuka yote, kwa hiyo anayepima kesho yake na kuongeza nyingine atajikuta amepitisha kiwango.

pH ikishuka, hupandishwa kwa magadi yaliyosafishwa kiwandani, madini yale yale yanayovunwa Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado. pH ikipanda, hushushwa kwa asidi maalumu ya vidimbwi, kidogo kidogo. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Kenya kwa kawaida ni laini, yenye chokaa kidogo, na pH ya maji kama hayo huyumba haraka. Ndiyo maana kipimo cha jana hakitoshi kuamua dawa ya leo.

Mvua, matope na maji ya kijani

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hufanya mambo mawili. Kwanza, hujaza kidimbwi mpaka kikafurika, na klorini pamoja na stabilaiza zikapungua. Pili, hubeba udongo mwekundu, majani na kinyesi cha mifugo, ambavyo huila klorini kabla haijafikia viini. Mtaro wa kuzuia maji ya uwanjani yasiingie kidimbwini huokoa dawa nyingi.

Klorini ikiisha kabisa, mwani huota na maji hugeuka kijani. Hilo liliwapata hata waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Hidrojeni peroksidi ilitiwa majini, ikaiondolea klorini nguvu, na kidimbwi cha mashindano ya kuruka majini kikageuka kijani mbele ya dunia nzima. Dawa mbili nzuri, kila moja kwa kazi yake, zinaweza kubatilishana zikikutana.

Harufu kali inayowasha macho nayo hufasiriwa vibaya. Wengi hudhani klorini imezidi. Mara nyingi harufu hiyo hutokana na klorini iliyoungana na jasho na mkojo, ikawa haina nguvu tena. Dawa yake ni kuingiza hewa safi, kutia klorini ya kutosha kuvunja muungano huo, na kuwataka waogeleaji waoge kwa sabuni kabla ya kuingia.

Mtoto mwenye kuhara asiingie majini. Ikiwa ameambukizwa kriptosporidiamu, asubiri wiki mbili baada ya kuhara kuisha. Kinyesi cha kuhara kikiingia kidimbwini, watu wote watoke mara moja na kidimbwi kifungwe. Hali hiyo huhitaji klorini nyingi mno kwa saa nyingi, na stabilaiza ikiwa juu ya 15 hulazimu maji kubadilishwa kwanza. Afisa wa afya ya umma aulizwe kabla ya kufungua tena.

Hatari iliyo stoo

Mnamo Aprili 22, 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, gesi ya klorini ilitumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji. Gesi hiyo hiyo inaweza kutoka katika ndoo ya nyumbani, dawa zikichanganywa.

- Traikloro na kalsiamu haipokloraiti zisikutane kamwe, hata kwa kijiko kimoja kinachotumiwa kwa zote mbili. Zinaweza kushika moto au kulipuka.
- Klorini ya aina yoyote isichanganywe na asidi, ikiwemo asidi ya kusafishia choo.
- Dawa ndiyo hutiwa ndani ya maji. Maji yasimiminwe juu ya dawa.
- Klorini isihifadhiwe pamoja na mbolea ya CAN, DAP au urea, wala karibu na petroli, mafuta ya taa au dawa za mifugo. Katika maboma mengi ya Kanja stoo ya shamba ni moja, kwa hiyo dawa za kidimbwi zitafutiwe mahali pake pakavu, penye hewa, palipofungwa kwa kufuli.
- Anayepima dawa avae glavu na miwani ya kukinga macho, na asimame upande ambao upepo unatoka.
- Dawa ya kidimbwi isitumiwe kutibu maji ya kunywa ya tangi au kisima. Kwa kazi hiyo itumiwe dawa iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, kama WaterGuard, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mtu akivuta gesi, aondolewe hapo na kupelekwa kwenye hewa safi. Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kisha apelekwe hospitali, kama ile ya Runyenjes Level 4 au ya Embu Level 5, pamoja na kibandiko cha dawa hiyo.

Maji yanayomwagwa huenda wapi

Klorini huua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo, na mito inayopita katika kaunti hii hunywesha watu na mifugo walio chini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 zinakataza kuchafua vyanzo vya maji.

Kabla ya kumwaga, mwenye kidimbwi aache kutia klorini kwa siku kadhaa, mpaka kipimo kisome sufuri. Maji yatolewe polepole kwenye nyasi za boma lake mwenyewe. Yasielekezwe mtoni, kwenye mtaro wa barabara, wala kwenye majani chai au napia ya jirani. Yasimwagwe yote kwa mara moja wakati wa mvua, kwa sababu maji yaliyo ardhini yanaweza kukiinua au kukipasua kidimbwi kitupu.

Kwa ushauri zaidi kuhusu usalama wa maji, na kabla ya kufungua kidimbwi kitakachotumiwa na wageni au wanafunzi, mkazi amwone afisa wa afya ya umma wa wadi au wa kaunti ndogo yake. Aende na daftari la vipimo, ukubwa wa kidimbwi kwa lita, na jina kamili la dawa anayotumia. Kwa mambo hayo matatu, afisa ataweza kumpa jibu linalohusu maji yake hasa.